Mfumo Aliouchagua Byron Ogola

Kuna watu waliozaliwa na sauti ya mkutano, na Byron Ogola ni mmoja wao. Hata akiomba chumvi mezani husafisha koo kwanza. Mkewe Winny husema kwamba siku alipomtamkia mapenzi alianza kwa kuwashukuru wote waliohudhuria, na waliohudhuria walikuwa wao wawili tu, wamekaa Dunga ufuoni wakila samaki wa kukaanga.

Sisi watu wa Kisumu tunampenda mtu wa namna hiyo. Tunampa kiti cha mbele kwenye harambee na tunamwita Mkuu hata kabla hajawa mkuu wa chochote. Ogola, kwa bahati, alikuwa mkuu wa kweli. Alikuwa mkuu wa kumbukumbu na kompyuta katika Hospitali ya Mawimbi, hospitali ya watu binafsi yenye ghorofa mbili, bustani ndogo, na lifti ambayo haijawahi kupanda. Aliingia hapo akiwa karani wa kadi, akipanga faili kwa alfabeti, akapanda cheo polepole kwa bidii na kwa kuvaa tai hata kwenye jua la Januari. Mlangoni pake alibandika maneno makubwa: DATA NI UHAI. Aliyaamini maneno hayo kabisa, mradi data iwe ya watu wengine.

Alizaliwa Nyakach, upande wa Pap Onditi, mvua ikinyesha, kwa hiyo nyanya yake akamwita Okoth. Babake, mwalimu wa shule ya msingi aliyependa mambo ya Kizungu, akamwandikisha Byron kanisani. Ogola ni jina la babu mmoja aliyemjia shangazi ndotoni akilalamika kwamba amesahauliwa. Kwetu mtu kuwa na majina kadhaa si ajabu wala si udanganyifu. Kila jina lina watu wake na mahali pake, na ukimwita Okoth sokoni Pap Onditi au Byron ofisini Kisumu, atageuka kotekote.

Jambo ambalo wageni wanaokuja kutufundisha kompyuta hawalijui ni kwamba magonjwa yetu nayo yana miji yake. Kikohozi, malaria, jino, haya mtu hutibiwa karibu na nyumbani, tena kwa kelele, ili majirani wajue na walete uji. La aibu hupandishwa gari. Mtu wa Kisumu hulipeleka Bondo, wa Bondo hulileta Kisumu, na asubuhi magari yanapishana njiani yamejaa watu wanaokwenda kuficha kitu kile kile. Huko ugenini mtu hutoa lile jina lake lingine, na laini ya simu aliyoinunua kwa kazi hiyo. Mpango huu umetulinda miaka mingi bila kamati wala bajeti.

Ogola naye alikuwa na lake la Bondo. Alikuwa na virusi vya ukimwi. Aligundua wakati binti yao Terry akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo, kila baada ya miezi kadhaa, alivua tai, akavaa kofia, akaenda kwenye kliniki ndogo ya Bondo ambako alijulikana kama Mzee Okoth, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Dawa alimeza bila kukosa, na muuguzi wa huko, Sista Aoko, alimsifu kwamba virusi vyake vimelala hata mashine haivioni. Lakini hakumwacha aondoke bila kumuuliza, "Mzee Okoth, mama wa nyumbani utamleta lini apimwe?" Ogola alisafisha koo akajibu kwamba suala hilo liko kwenye mipango.

Halikuwa kwenye mipango yoyote. Dawa alizificha kwenye droo ya ofisi, chini ya ripoti ya mwaka, mahali ambapo alijua hakuna mtu angechungulia. Winny, anayeuza mapazia ya mitumba pale sokoni Kibuye na ambaye macho yake hayalali, aliziona hizo safari akafikia uamuzi ambao mke yeyote angeufikia: kuna mke mdogo. "Nisalimie nyar Bondo," alimwambia kila akitoka, yaani msalimie huyo binti wa Bondo. Alimchukia binti huyo kwa sura aliyomtungia na kwa viatu alivyodhani mumewe anamnunulia. Ogola hakukana. Na hapa ndipo ninapomkasirikia: aliona kwamba kushukiwa mwanamke ni heshima kuliko ukweli kujulikana. Wanaume wa kanisani walipomtania alitabasamu kidogo na kutazama pembeni, nao wakampa uenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Mambo yangeendelea hivyo hadi kiama, kama mkurugenzi wa Hospitali ya Mawimbi asingeamua kupanuka. Alinunua zahanati moja Pap Onditi. Kisha, kwa furaha kubwa, akatangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba wamenunua pia kliniki moja ndogo iliyokuwa ikiuzwa, Bondo.

Ogola alipiga makofi kuliko wote. Baadaye alikwenda chooni akakaa huko muda mrefu.

"Sasa tuwe kitu kimoja," mkurugenzi alisema. "Mgonjwa akipigwa sindano Bondo, Kisumu ijue hapo hapo." Maneno mazuri, ila hata ndani ya jengo la Kisumu hakuna kilichojua kingine. Mapokezi walikuwa na programu yao, madaktari yao, maabara yao, dirisha la dawa yao, na programu hizo hazikuwa zikisalimiana. Mgonjwa ndiye aliyebeba vikaratasi kutoka mlango hadi mlango, amevikunja mkononi vimelowa jasho. Kwa hiyo ikaundwa kamati ya kutafuta mfumo mmoja wa kuziunganisha zote, uchukue habari za mgonjwa popote zilipo na kuzipeleka popote anapotibiwa. Mwenyekiti, hakukuwa na ubishi, akawa Byron Ogola. Wajumbe walikuwa Dorca Kageha, muuguzi mkuu, mama wa Kimaragoli aliyeolewa Usenge, na Amir Shakir, fundi wa kompyuta, mtu mzima wa Kaloleni mwenye watoto wake na subira yake.

Sijui kama kuna mwanadamu aliyewahi kupewa kazi ngumu kuliko hiyo. Ogola alitakiwa atafute kwa bidii chombo ambacho, kikifanya kazi vizuri, kitamshika Mzee Okoth wa Bondo mkono na kumleta Kisumu mezani pa Mkuu Byron, na kutoka hapo habari ifike Kibuye kwa Winny kabla hajafunga kibanda. Alitafuta kwa bidii kweli. Alitafuta kisichofanya kazi.

Wa kwanza kuja walitoka Nairobi, wamevaa suti za kubana. Mfumo wao ulimtambua mtu kwa alama za vidole. "Hata mtu atumie jina gani," msemaji wao alisema, "kidole ni kile kile."

Ogola akatazama kidole chake. Akasafisha koo. "Na mvuvi je?"

"Mvuvi?"

"Mvuvi wa Usenge. Vidole vimelika na kamba, vimelika na maji. Huyo mtamtambua na nini? Huyo si mgonjwa? Huyo si Mkenya?"

Dorca Kageha, ambaye mumewe ni mvuvi wa Usenge, alitikisa kichwa kwa uchungu. Watu wa Nairobi walijaribu kueleza kwamba kuna njia nyingine kwa mtu kama huyo, lakini huruma ilikuwa imeshaingia mkutanoni, na hoja zikawa zimetoka. Walifungasha mashine yao wakaenda uwanja wa ndege. Mvuvi mwenyewe hakuulizwa na mtu.

Wa pili walikuwa akina dada wawili wa hapa hapa mjini, na mfumo wao ulifanya kazi. Hilo ndilo lililowaponza. Wenyewe hawakuhitaji vidole. Waliuchukua usajili wa kliniki zote, wakalinganisha tarehe ya kuzaliwa, kijiji, jina la mama mzazi na mambo mengine madogo madogo ambayo mtu hakumbuki kuyadanganya, kisha mfumo ukasema nani na nani ni mtu mmoja. Amir aliwapa nakala ya usajili wa Bondo na wa Kisumu wafanyie jaribio. Taa zikazimwa, ukutani yakaanza kushuka majina mawili mawili.

"Huyu Anyango wa Bondo na huyu Anyango wa Kisumu ni mmoja," dada wa kwanza alisema. "Ako na kadi kote."

"Nyasaye!" Dorca akaruka. "Si huyo ni mwimbaji wa kwaya yetu? Kumbe anaendanga Bondo? Kufanya nini?"

Majina yalikuwa yanashuka kwa alfabeti. Ogola, ambaye nusu ya maisha yake alipanga faili kwa alfabeti, hakuhitaji kuambiwa. Walipita akina Achieng, wakapita akina Anyango wote, wakaja akina Juma na Nafula, na ukuta ukaanza kuonyesha herufi ya O. Alisimama ghafla.

"Chai!"

"Mzee, tumetoka kunywa chai sasa hivi," Amir alisema.

"Ni chai ya pili."

Katika kusimama alikanyaga waya, ukuta ukawa mweupe, na mimi sina hakika kama waya huo hakuuona. Lakini alichokisema baada ya hapo lazima nikiandike, kwa sababu kilikuwa kweli tupu. Alisema kwa hasira, "Mtu akitoka Kisumu akaenda Bondo na jina lake la nyumbani, ana sababu yake. Nani alikutuma umrudishe? Nyinyi mnamwaga watu ukutani, na huyu mama hapa ameshataja mmoja na kwaya yake. Kesho mtaweka nani? Mnajua nyumba ngapi zitavunjika kwa sababu mashine yenu inajua kulinganisha?"

Dorca aliinamisha macho kwa aibu. Akina dada walisema kwa upole kwamba majina yanaweza kufichwa, kwamba mgonjwa mwenyewe anaweza kuulizwa ruhusa kabla ya habari zake kuunganishwa, na kwamba kuna sheria juu ya hayo nao wanaifuata. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyadai. Angekuwa anadai kwa ajili ya wagonjwa, angewakumbatia. Aliwashukuru kwa kuja na kuwatakia kila la heri.

Wa tatu alikuwa bwana mmoja anayeitwa Nakhungu, mwenye marashi yaliyotangulia kuingia na kuchelewa kutoka. Mfumo wake uliitwa Undugu. Ulikuwa na rangi ya buluu ya kupendeza na picha ya mikono miwili imeshikana. Nakhungu alibonyeza mahali, kiduara kikatokea katikati ya kioo kikaanza kuzunguka, na chini yake neno moja: Inatafuta.

Walingoja. Dorca alisoma ujumbe wote kwenye simu yake. Kiduara kilizunguka.

"Inafanya nini sasa?" Amir aliuliza.

"Inatafuta."

"Tangu saa ile?"

"Iko njiani, bwana. Hiyo ni mtandao wenu tu."

Ogola alikitazama kile kiduara kwa upendo ambao Winny hakuwa ameupata kwa miaka mingi. Kumbukumbu za mkutano huo, alizoziandika mwenyewe, zinasema kamati iliridhishwa na utulivu wa mfumo. Amir alimfuata hadi ofisini akafunga mlango.

"Mzee, hii kitu haifanyi kazi. Hata kidogo."

"Amir, wewe ni fundi. Mimi naangalia usalama."

"Usalama gani, Mzee? Haipeleki kitu mahali popote!"

"Sasa usalama si ndiyo huo?"

Amir alitoka akaenda zake msikitini kuswali adhuhuri, na nasikia siku hiyo alikawia kidogo kuliko kawaida.

Uzinduzi ulikuwa mkubwa. Kulikuwa na utepe, keki yenye mikono miwili ya sukari, na hotuba. Ogola, kwa jinsi alivyokuwa ametua mzigo, alilewa maneno kuliko wengine wanavyolewa pombe. Alimaliza kwa kutangaza jambo ambalo hata Nakhungu hakuliomba: kuanzia siku hiyo Mawimbi itakuwa hospitali isiyo na karatasi. Vile vikaratasi vya kubebwa mkononi ni marufuku. Daktari asiandike, maabara wasiandike, kila kitu kiko ndani ya Undugu. Watu wakashangilia, na makarani wakabeba maboksi ya vikaratasi na kalamu wakayafungia stoo.

Kuanzia hapo mgonjwa wa Mawimbi akawa mtu wa kusimulia. Alisimulia mapokezi, akasimulia kwa daktari, akasimulia maabara, akasimulia dirishani pa dawa, na kila mahali kiduara kikizunguka nyuma ya anayemsikiliza. Wazee walianza kufupisha magonjwa yao. Mama mmoja wa Nyalenda alikuja na magonjwa matatu, wakati wa kufika dirisha la dawa amebakiwa na moja. Ogola alipita koridoni akisalimia watu, amenenepa kwa amani.

Kisha akaanza kukonda.

Alikunywa maji bila kutosheka na kuamka kukojoa kila mara. Suruali zikamlegea. Moyoni alijua, au alidhani anajua: dawa zimeshindwa, virusi vimeamka. Angekwenda kwa Sista Aoko, lakini kliniki ya Bondo siku hizi ilijaa watu wa Mawimbi wakifunga kompyuta, Amir akiwa wa kwanza, na Mzee Okoth hakuwa na pa kupitia. Dawa alizokuwa nazo drooni zilitosha, akaendelea kumeza na kuogopa. Winny kwa upande wake alikuwa na wa kumlaumu. "Huyo nyar Bondo amekupa nini ule?" Asubuhi moja alipomwona ameshika ukuta kufika mlangoni, hakuuliza tena. Aliwaachia majirani kibanda cha Kibuye, akamshika mumewe kwapani, akampeleka Mawimbi kama mgonjwa mwingine yeyote.

Daktari alimtoboa kidole, akasoma, akasema ni sukari. Sukari imepanda sana, lakini inatibika. Ogola karibu apige vigelegele. Sukari! Ugonjwa wa heshima, ugonjwa wa maaskofu.

"Kuna dawa zingine unatumia, Mzee?" daktari aliuliza.

Ogola alimgeukia mkewe. "Mama Terry, hebu niletee maji." Winny alipotoka, akamwambia daktari kwa haraka na kwa sauti ndogo. Daktari hakushtuka.

"Vizuri umesema. Dawa ya sukari ninayotaka kukupa ni lazima ipimwe kufuatana na hizo zako, hazikai pamoja hivi hivi. Maabara lazima wajue, na watu wa dawa lazima wajue."

"Si umeandika?"

"Nimeandika hapa kwangu. Huko mbele haifiki." Alisita, kwa heshima. "Hiyo... wewe mwenyewe unaielewa kunishinda."

"Basi niandikie kikaratasi nibebe."

Daktari alitazama meza yake. Hakukuwa na karatasi wala kalamu. "Itabidi uwaambie wewe mwenyewe, Mzee. Kwa mdomo."

Maabarani Ogola aliinamia tundu la kioo akanong'ona. "Ati?" yule binti wa maabara alisema. Akanong'ona tena. Binti akaandika kwenye kompyuta yake bila kuinua macho. Winny, aliyekuwa amerudi na chupa ya maji na kukaa kwenye benchi, aliona kila kitu.

"Unamnong'onezea nini huyo msichana?"

"Mambo ya ofisi."

"Hata mgonjwa huachi."

Dirisha la dawa lilikuwa na foleni, na ndani yake alikuwa Ikhlas, mwanamke wa makamo wa Kaloleni ambaye hajawahi kumpa mtu hata panadol bila kumuuliza maswali. Alitazama kompyuta yake, akamtazama aliyewaletea Undugu.

"Shikamoo, Mzee. Dawa gani zingine unatumia?"

"Marahaba. Angalia hapo kwa sistimu."

"Nimeangalia. Inatafuta."

"Imeanza kutafuta lini?"

"Tangu mlipoileta."

Nyuma yao watu walicheka, na Ogola akajitahidi kucheka nao. "Basi hakuna. Weka hakuna."

Ikhlas hakuweka. "Nikiweka hakuna, nakupa dozi ya kawaida. Na ukiwa na dawa nyingine ndani, hiyo dozi inaweza kukuangusha. Ni hakuna kabisa?"

"Si umwambie tu!" Winny alisema, akisogea. "Ni za presha? Kama ni za presha sema. Mwambie, mama anataka kukusaidia. Sisi hatuna siri hapa."

Ikhlas aliwatazama wote wawili. Kisha akafungua mlango wa pembeni akamwita Ogola ndani, kwenye kichumba cha maboksi. "Mama, ngoja kidogo hapo," alisema.

"Nimemzalia, namfulia, nimembeba mpaka hapa, sasa ningoje nini?" Winny akaingia naye.

Hapo Ogola angeweza kusema hakuna. Nani angejua? Undugu ungetafuta mpaka mwisho wa dunia, aliuchagua kwa kazi hiyo. Angetoka na dozi ya kawaida, siri yake ikiwa salama, na huenda angeanguka juma hilo hilo jikoni kwake mbele ya mkewe asiyejua kwa nini. Nimemtania tangu mwanzo wa habari hii na sina haja ya kuomba msamaha, lakini kwa dakika hiyo namwonea huruma. Alifungua mdomo, na safari hii hakusafisha koo.

"Niko kwa dawa za virusi," alisema. "Za ukimwi. Huwa nachukulia Bondo."

Ikhlas aliuliza majina ya hizo dawa, akajibiwa, akahesabu kitu kichwani na kwenda kutafuta boksi kwenye rafu ya mbali kabisa, ambako alikaa kulitafuta kuliko ilivyohitajika. Walibaki wawili.

"Tangu lini?" Winny aliuliza.

"Terry akiwa darasa la sita."

Terry sasa ana mtoto wake.

"Bondo," Winny alisema. "Kwa hiyo hakuna mwanamke huko."

"Hakuna."

"Hajawahi kuwa."

"Hajawahi."

Alicheka, kicheko kifupi kibaya. "Wuololo. Mtu hayupo, na mimi nimemlaani mpaka kwa maombi. Mwanamke ningemfuata huko Bondo nikamng'oa nywele, yakaisha. Hii sasa niing'oe wapi?" Aliweka chupa ya maji juu ya boksi, taratibu, kana kwamba ingevunjika. "Na mimi je, Baba Terry?"

Ogola alianza kueleza. Alieleza kwamba virusi vimelala, kwamba mashine haivioni, kwamba muuguzi amemhakikishia kuwa mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzake, kwamba suala la kumleta lilikuwa kwenye mipango. Maneno yalikuwa ya kweli karibu yote, na yalitoka kwa mpangilio mzuri kama taarifa ya kamati.

"Sikuulizi yako," Winny alimkatiza. "Yako umeijua miaka yote. Umepimwa, umepewa dawa, umeambiwa umepona kiasi gani. Nauliza yangu. Wewe ulienda kujua, mimi ukaniacha nikipika."



Ikhlas alirudi na dawa, akaeleza namna ya kuzimeza, kisha akamwambia Winny kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba chumba cha kupima kiko mwisho wa veranda, na haichukui muda. Mshauri aliyekuwa mlangoni huko alimwandika Winny upya, jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali anapokaa, ingawa amejifungua katika hospitali hiyo hiyo. Akasema mume na mke wanaweza kuingia pamoja wakipenda.

"Huyu akae nje," Winny alisema, na mlango ukafungwa.

Ogola aliketi kwenye benchi, mfuko wa dawa magotini. Watu walipita wakimsalimu, "Mkuu, habari ya leo?" naye akaitikia. Alikuwa na nywila inayofungua faili ya mtu yeyote aliyewahi kuingia hospitali ile. Aliitumia miaka mingi kwa kazi, na mara chache kwa udadisi. Alijua kwamba majibu ya Winny yangeandikwa humo chumbani kabla hajatoka. Alishindana na nafsi yake kidogo tu, akashindwa. Alitoa simu, akafungua Undugu, akaandika jina la mkewe, akabonyeza. Kiduara kikatokea, kikaanza kuzunguka.

Alikuwa bado anakitazama, mlango ulipofunguliwa. Aliirudisha simu mfukoni upesi, akasimama, akautafuta uso wa mkewe asione kitu cha kusoma.

"Wamesemaje?"

"Wameniambia."

"Ndiyo, Mama Terry, lakini wamesemaje?"

Winny alifunga mkoba wake, akamchukulia ule mfuko wa dawa, akamshika kwapani kama alivyomleta.

"Tembea polepole, kuna ngazi," alisema. "Yangu nitakuambia siku nikiwa tayari."